Kiti Hicho Umemwekea Nani?

Mama anasema mtu mzima hasemwi vibaya, hasa aliyekufundisha. Ndiyo maana naandika haya kwenye daftari ambalo yeye halifungui kwa sababu anadhani ni la hesabu. Mwalimu wa Jumamosi nimemjua miaka sita, na miaka yote sita sikumpenda. Nilikuwa nikisikia anapanda ngazi za jengo letu, maana naye aliishi humo, naingia ndani, nafunga mlango, nasubiri viatu vyake vipite. Alikuwa na jozi moja tu, ya ngozi nyeusi, iliyong'arishwa mpaka ungeweza kujitazama humo ukichana nywele, na kila hatua ililia kama panya aliyekanyagwa.

Hakuwa mwalimu wa shule yoyote. Kazi yake ya maisha aliifanya stoo ya kiwanda cha rangi huko Mobeni, akihesabu madebe. Alipostaafu akafungua darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa jumuiya, nyuma kidogo ya Umbilo Road, kwa watoto wa Wakongo, wa Warundi, na yeyote ambaye mama yake alimsukuma. Saa tatu hisabati, saa tano Kiingereza. Kabla ya hisabati, katikati, na baada ya Kiingereza, hadithi yake ya chuo.

Nitaanza na viti, maana viti ndivyo vilivyonitesa.

Ukumbi una viti vya plastiki vya kutosha watu mia mbili. Sisi tulikuwa ishirini, siku nyingine kumi. Lakini Mwalimu hakuanza kusema hata neno mpaka wote tuwe tumebanana, bega kwa bega, hakuna kiti kitupu kati ya mtu na mtu. "Sogea! Sogea! Wewe, sogea!" Jumamosi moja ya mwezi wa pili, joto la Durban lile la kunata, tulifika wanne tu. Akatupanga wanne hao kwenye mstari mmoja katikati ya ukumbi mtupu, tukakaa muda wa saa nne tunatokwa jasho kwenye mikono ya wenzetu kama samaki ndani ya kopo. Merveille, ambaye haogopi mtu, akauliza, "Mwalimu, viti vingine hivi vinamngoja nani?" Akajibu, "Vinakungoja wewe ufeli." Hiyo ndiyo ilikuwa busara yake.

Sasa mimi tangu zamani nakaa pembeni. Ukutani, na kiti kimoja kitupu kati yangu na mtu. Si kiburi. Mtu akikaa karibu nami naanza kusikia pumzi zangu mwenyewe, halafu naanza kuzihesabu, halafu sisikii tena kinachofundishwa. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Mwalimu alilijua siku ya kwanza, akalifanya mchezo wake.

"Wewe wa pembeni! Kiti hicho umemwekea nani?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Hakuna Mtu. Jina zuri. Atafika saa ngapi? Tumngoje?"

Ukumbi mzima unageuka. Merveille anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nasogea, masikio yanawaka, na Jumamosi inayofuata narudi pembeni, na yeye anauliza tena, kwa maneno yale yale, kana kwamba ameyabuni asubuhi ile. Miaka sita. Jina langu analijua, Mama amemwambia mara kumi, lakini kwake nilikuwa Wa Pembeni.

Hadithi ya chuo ilikuwa hivi. Zamani kila aina ya watu ilikuwa na chuo chake, na kile cha juu ya mlima kilikuwa cha Wazungu. Kisha sheria zikalegea, mlango ukafunguliwa kidogo, wakaingia wachache wenye rangi yetu. Yeye alikuwa miongoni mwao, kwenye upimaji ardhi. "Niliingia na viatu hivi," alikuwa anasema, akinyanyua mguu. Viatu hivyo hivyo! Tulikuwa watoto, lakini hatukuwa wajinga.

Ilikuwepo pia sehemu ya masanduku. Mwalimu ni mtu wa Bluff, wa wale wanaoitwa Wazanzibari, na Kiswahili chake alikitoa kwa bibi yake, kimejaa Kizulu. Alidai hata serikali ya zamani haikujua imweke kwenye sanduku gani la fomu: leo wanamwandika Mwasia, kesho Chotara, keshokutwa Mwafrika. "Wenzangu walikuwa na watu wao. Mimi niliingia bila sanduku!" Alilisema hilo kwa majivuno, kidole juu, akitarajia tupige makofi. Wadogo walipiga.

Nilipojiunga na darasa alisema, "Tulikuwa saba." Weusi saba darasani. Mmoja alikuwa anakula karanga wakati wa mhadhara na maganda anayatia kwenye mfuko wa koti la profesa. Mmoja alimwigiza profesa huyo huyo, sauti mpaka mwendo. Mmoja, mrefu, alilala macho wazi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikawapenda wale saba kuliko nilivyompenda msimulizi. Usiku nilikuwa natamani kukaa karibu na yule wa karanga, mimi nisiyetaka kukaa karibu na mtu.

Nilipofika darasa la tisa walikuwa watano. Sikusikia vibaya, nina tabia ya kuhesabu vitu na kuviandika. Mwaka uliofuata, watatu, na karanga sasa alikuwa anazila yeye mwenyewe. Mwaka wangu wa matriki, wa mwisho wa shule, akasimama mbele akasema, "Nilikuwa peke yangu. Mmoja!" Merveille akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule wa karanga alienda wapi?"

"Karanga gani?"

"Za kwenye koti."

"Fungua kitabu, wewe."

Nikaandika siku hiyo, naona hapa kwa wino wa kijani: Mzee huyu anawaua wenzake mmoja mmoja ili sifa zibaki zake. Nilijivunia sana sentensi hiyo.

Mengine ya kwake. Alisema chuo ni cha kila mtu, lakini niliposema kwa sauti ya kunong'ona kwamba nataka upimaji ardhi, alicheka. "Ubebe miguu mitatu ya chombo cha kupimia juani, na mikono hiyo? Hata kusema 'samahani naomba kupita' huwezi." Alituambia Kifaransa chetu ni kelele za bata, kisha alipotaka kumsalimia Mama ili apewe chakula, ilikuwa "Bonjour, Maman" kwa tabasamu. Cheti chake cha digrii alikitundika nyuma ya mlango, kiasi kwamba mlango ukiwa wazi hukioni, na mlango wake mchana ulikuwa wazi daima. Siku moja kwenye ngazi jirani mmoja alimtania, "Mwalimu, ile digrii si ulilala nayo stoo miaka yote?" Akajibu, "Stoo ile ilikuwa imepimwa vizuri kuliko nyumba yako." Sikucheka, ingawa ilichekesha kidogo.

Na goti. Kila mwaka chuo kinafungua milango kwa wanafunzi wa shule waje waone. Kila mwaka Mwalimu alituongoza kwa miguu kutoka Umbilo, mlima wote ule, yeye mbele, viatu vinalia, sisi nyuma tunahema. Tukifika getini anasimama. "Nendeni. Goti linaniuma." Anakaa kwenye ukingo wa barabara na mfuko wake wa plastiki mpaka tutoke. Miaka mitatu niliyoenda, goti halikuuma mlimani, liliuma getini. Nilimwambia Mama huyu mtu ni muongo mpaka miguuni.

"Acha," Mama alisema. "Ule mzee iko na kichwa ngumu, lakini iko na akili. Utamuhitaji."

Ikawa hivyo, bahati mbaya. Chuo kilikuwa na nafasi chache sana za upimaji kwa watoto wa wakimbizi kama mimi, na fomu ilitaka barua ya mtu anayekujua vizuri ambaye alisoma pale pale. Mama anasuka nywele, na wateja wake wanasuka nywele au wanauza simu. Aliyesoma pale tuliyemjua alikuwa mmoja. Mama akapika sombe, kisamvu cha kwetu, akaijaza bakuli lenye mfuniko, akanituma. Mwalimu alipokea bakuli, akanusa, akasema, "Barua nitaandika. Jumamosi utakaa kiti cha mbele, katikati, na utasoma insha yako mbele ya wote."

Sombe aliila. Bakuli lilirudi limeoshwa.

Jumamosi nilikaa katikati, Merveille kushoto, mvulana wa Kirundi kulia, mabega yao kwenye mabega yangu. Nikaanza kuhesabu pumzi. Nilipoitwa nilisimama, nikafungua karatasi, nikaona herufi zote, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Sijui nilisimama dakika ngapi. Merveille hakucheka safari hii, akanigusa kiwiko, na hapo ndipo machozi yalipoanza.

"Kaa," Mwalimu alisema. Na mbele ya wote akaongeza, "Huyu sitamwandikia. Nikimwandikia nitakuwa nimesema uongo. Atafika kule, atakaa pembeni, na mwezi wa tano atarudi nyumbani."

Mama alimngoja kwenye ngazi jioni hiyo. Niliwasikia kupitia mlango.

"Papa, uyu mutoto iko nasoma usiku na mchana. Minakuomba."

"Mama, kusoma anajua. Kukaa ndiyo hajui."

"Kukaa? Kwani kukaa iko na digrii?"

"Kule, ndiyo, iko."

Mama akaingia, akaosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Barua niliipata siku mbili kabla ya mwisho, kwa mama wa maktaba ya shuleni kwangu, ambaye kumbe naye alisoma pale, miaka mingi baada ya Mwalimu. Hakuniuliza nakaa wapi. Aliandika kwamba navirudisha vitabu kwa wakati na kwamba nasoma hata maelezo ya chini ya ukurasa. Nikachukuliwa. Ujumbe uliingia Mama akiwa katikati ya kichwa cha mteja, akapiga kelele kiasi kwamba mteja alidhani amechomwa sindano.

Na huyu mzee, unajua alifanya nini? Alisimama kwenye ngazi akapokea pongezi. Eish! Nilikuwa nyuma ya mlango nasikia: "Ndiyo, mwanafunzi wangu. Miaka sita. Nilimkazia." Watu wanamshika mkono. Nilimdharau siku hiyo kwa moyo wote, dharau safi isiyo na maji ndani. Niliacha kumsalimia. Baada ya wiki chache hata viatu sikuvisikia tena ngazini, sikuuliza.

Sasa nimefika chuoni, na siku hizi waliojaa ni weusi, Wazungu ndio unaowahesabu kwa vidole. Kwa hiyo nilidhani hadithi ya Mwalimu imekwisha muda wake, kama pesa ya zamani. Lakini kwenye orodha ya darasa letu jina langu lina alama, maana yake mgeni wa kimataifa. Nimezaliwa Durban. Kutoka nyumbani mpaka getini ni robot tano, taa tano za barabarani. Wenzangu wanaongea Kizulu cha utani, cha haraka, na mimi Kizulu changu ni cha dukani. Nikakaa pembeni, ukutani, kiti kimoja kitupu.

Hakuna aliyeniuliza nimemwekea nani. Wiki ya kwanza niliona raha. Wiki ya pili mhadhiri akasema kazi ya nje itafanywa kwa makundi, na kila watu watatu waliokaa pamoja ni kundi. Alipitisha kidole mstari kwa mstari: nyie, nyie, nyie. Kidole kilipofika kwangu kilisimama. "Wewe tutakutafutia." Wakanitafutia. Nimebeba miguu mitatu ya chombo juani tangu siku hiyo, maana kundi lililonipokea halinipi kushika chombo chenyewe, na kusema "naomba na mimi nipime" bado sijaweza. Mwezi wa nne nilimwambia Mama huenda nikaacha. Mwezi wa tano ulikuwa unakaribia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba yule mzee angekuwa sahihi.

Kwenye korido ya idara yetu kuna picha za madarasa, kila mwaka fremu moja. Siku moja nikingoja mvua ipungue niliamua kumtafuta, nipate kumcheka. Nikampata. Wanafunzi wamepangwa mistari mitatu mbele ya ukuta, wote wamebanana, mabega yamepandana, wengine wameegemeana. Mwalimu yuko mwisho wa mstari wa pili, mwembamba, koti kubwa, na viatu vinang'aa hata kwenye picha. Kati yake na mtu wa karibu kuna ukuta. Tumefundishwa kukadiria umbali kwa macho, kwa hiyo nilikadiria: wangeingia watu wawili, wanene.

Nikahesabu nyuso, mara mbili, na majina chini. Hakukuwa na saba, wala watano, wala watatu. Mweusi alikuwa mmoja.

Nakiri nilifurahi. Nimemkamata! Nilipiga picha kwa simu nikashuka mlima naimba. Furaha ile ilinifikisha mpaka robot ya kwanza, ikaniishia pale, taa ikageuka kijani na mimi nimesimama. Maana nilikuwa nimehesabu vizuri lakini nimesoma kinyume. Peke yangu, ile ya mwisho, ndiyo iliyokuwa kweli. Uongo ulikuwa saba. Hakuwaua wenzake kwa ajili ya sifa. Hawakuwepo. Alitupatia saba tulipokuwa wadogo, na kadiri tulivyokua akawa anawapunguza.

Lakini haikunifanya nimpende. Mtu aliyefanyiwa vile, mbona na yeye anisimamishe mbele ya watu nilie?

Wiki iliyopita Mama alinituma kliniki kuchukua vidonge vyake vya presha. Pale foleni ni ya benchi: mtu wa mbele akiitwa, wote mnasogea makalio nafasi moja. Mwisho wa benchi alikuwa Mwalimu. Nilimtambua kwa mfuko, kwa sababu viatu hakuwa navyo. Alivaa ndara, na miguu imevimba kama mikate. Ule mfuko wa plastiki ulikuwa kando yake, kwenye nafasi ambayo ilikuwa yangu.

Sijui nguvu niliitoa wapi.

"Mwalimu. Kiti hicho umemwekea nani?"

Akainua kichwa.

"Nimeweka mfuko."

"Mfuko anaitwa nani? Tumngoje?"

Mama mmoja nyuma yangu akacheka. Mwalimu akavuta mfuko akaupakata. Nikakaa, na nafasi ndogo kati yetu.

"Ni mwezi wa tano," alisema. "Umerudi?"

"Sijarudi."

"Unakaa wapi kule?"

"Katikati."

"Muongo."

Nikatoa simu, nikafungua picha, nikampa. Nilitaka kumuumiza, naandika ukweli. Aliisogeza machoni. Nikamwonyesha jinsi ya kuikuza kwa vidole viwili, lakini vidole vyake vikateleza, akakuza pale pasipo na mtu, kioo kizima kikawa ukuta.

"Hapa sioni mtu," alisema.

"Hakuna mtu, Mwalimu."

Akaendelea kuangalia ule ukuta. Benchi likasogea, nafasi ikafunguka mbele yake, hakuiona.

"Mpiga picha alituambia tusogeleane," alisema, si kwa sauti yake ya ukumbini. "Alisema mara tatu. Mimi nilisogea, mara zote tatu. Kila nikisogea, na wao wakasogea."

Yule mama wa nyuma akagonga benchi. "Hawu, baba! Sogeeni bo!"

Nilimshika kiwiko. "Mwalimu, sogea." Akasogea. Nami nikasogea, mpaka bega langu likafika kwenye bega lake, na nikaliacha pale. Pumzi nilizisikia. Nilipofika kumi na nne nikapoteza hesabu.

"Unanibana," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Akanirudishia simu. Akatazama ndara zake.

"Yule wa karanga," nilisema, "alikuwa anakaa upande gani?"

Nilidhani atasema karanga gani. Benchi likasogea tena, akakohoa, akaweka kiganja kwenye nafasi ndogo iliyofunguka mbele yake.

"Hapa," alisema. "Huyo alikuwa mshenzi, huyo. Profesa anageuka ubaoni, yeye tayari mkono uko kwenye koti la watu." Sauti ikaanza kupanda, ile ya kuudhi, ya ukumbini, mpaka nesi akachungulia dirishani. Yule mama wa nyuma akainama asikie. Mwalimu akamwigiza mwigizaji akimwigiza profesa. Akafumbua macho akalala kama yule mrefu. Akaleta wengine ambao sikuwahi kuwasikia, mmoja wa kutoka Bluff kabisa, wa mtaa wake, asiye na sanduku. Kisha akanikatisha kicheko: "Na wewe kaa wima, umejikunja kama mwenye njaa."

Nilihesabu, kama kawaida yangu. Walitimia saba.